Gari Lako Likikwama: Difu ya Kufuli au Difu ya Kubana?

Mvua ya masika ikianza, kila mkulima wa skimu ajua taabu yake. Maziwa yamekamwa alfajiri, mikebe imepakiwa, na gari limeondoka nyumbani vizuri. Likifika bondeni, mahali palepale pa kila mwaka, gurudumu moja la nyuma laanza kuzunguka mbio na kurusha matope. Gurudumu la pili, ambalo limekanyaga ardhi ngumu, halizunguki hata kidogo. Gari lasimama. Jua lapanda. Maziwa ambayo hayajapozwa hayangoji mtu, na chama hakinunui maziwa yaliyochacha.

Tena mara nyingi gari lenyewe ni la 4x4, yaani gari ambalo injini yake yavuta magurudumu yote manne, na mwenyewe alilinunua kwa pesa nyingi kwa sababu hiyo hasa. Basi huuliza: mbona limeshindwa? Akienda mjini, muuzaji wa vipuri humwambia anunue difu nyingine. Mmoja humsifia difu ya kufuli, ambayo mafundi huiita difu loki. Mwingine humsifia ile ambayo katika vitabu vya gari huandikwa kwa herufi tatu, LSD, nasi katika makala haya tutaiita difu ya kubana. Zote mbili ni vitu vizuri. Lakini kazi zao ni mbali, na bei zake si ndogo. Ni pesa ambazo ungeweza kununulia mbolea au mbegu. Kwa hiyo yafaa ujue unanunua nini kabla ya kufungua mfuko.

KAZI YA DIFU

Umewaona watoto wa shule wakitembea kwa mstari, watano bega kwa bega. Wakipinda kona, yule wa ndani hupiga hatua fupi, karibu asimame, na yule wa nje hulazimika kukimbia. Magurudumu ya gari ni vivyo hivyo. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangekuwa yamefungwa katika chuma kimoja, moja lingeburutwa, tairi zingelika upesi, na gari lingekuwa zito kupinda. Difu, ile tufe ya chuma iliyo katikati ya ekseli, ndiyo inayoruhusu gurudumu moja kwenda upesi kuliko jingine huku yote mawili yakisukumwa na injini. Si uvumbuzi mpya. Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, aliitengeneza kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820.

Lakini difu ya kawaida ina tabia moja ambayo ndiyo mzizi wa shida yako. Yagawanya nguvu sawasawa kama mizani, nusu kwa nusu, wala haiwezi kumpa mmoja zaidi ya mwenzake. Gurudumu la kushoto likiwa katika utelezi na haliwezi kupokea nguvu nyingi, la kulia nalo litapewa kile kidogo tu, hata kama limekanyaga mwamba.

Tuchukue hesabu ndogo. Pikapu yako pamoja na mzigo ni kilo 3,000. Barabara yapanda mita moja kwa kila mita kumi. Ili gari lipande hapo lahitaji msukumo wa kilo 300 hivi, na matope yenyewe hulivuta nyuma zaidi, lakini hayo tuyaache kwanza. Tuseme gurudumu la nyuma la kushoto liko kwenye utelezi, laweza kusukuma kilo 50 tu kabla ya kuteleza. La kulia liko kwenye changarawe, na lingeweza kusukuma hata kilo 400. Kwa difu ya kawaida, la kushoto likipokea 50, la kulia pia litapewa 50. Hiyo ni 100. Magurudumu ya mbele, yote mawili yakiwa matopeni, tuseme yaongeza 100 nyingine. Jumla ni 200, nawe wahitaji 300. Hapo utakaa, na ukizidi kukanyaga mafuta utachimba shimo tu.

Sasa waona kwa nini gari la 4x4 laweza kukwama. Ukiingiza giya ya 4x4, umeunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini kila ekseli bado ina difu yake ya kawaida. Gurudumu moja la mbele likiteleza na moja la nyuma likiteleza, yale mengine mawili hayana msaada. Hili hutokea sana gari linapovuka mtaro kwa mshazari: gurudumu la mbele la upande mmoja huning'inia hewani, na la nyuma la upande wa pili hali kadhalika.

DIFU YA KUFULI

Difu ya kufuli ni difu ya kawaida iliyoongezwa kipande cha meno ambacho, ukitaka, chaunganisha shafti mbili za magurudumu ziwe kama chuma kimoja. Ukifungua, inarudi kuwa difu ya kawaida kabisa. Wengi wenu mmekwisha kuitumia bila kuiita jina hilo. Trekta kama Massey Ferguson 135, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka wa 1964 na ambayo ingali ikilima mashamba mengi, ina kikanyagio kidogo upande wa kulia karibu na kisigino. Gurudumu moja la trekta likianza kuteleza mtaroni, dereva hukanyaga hapo, na magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Ya gari ni hiyohiyo, ila hufungwa kwa swichi ya umeme, kwa upepo wa pampu, au kwa waya.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kufuli ikifungwa, gurudumu la kushoto lasukuma 50 zake na la kulia lasukuma 400 zake, maana haligawanyiwi tena nusu kwa nusu. Ongeza 100 za mbele, jumla ni 550. Mlima ulihitaji 300. Zimebaki 250 za kushindana na matope, nawe umepita. Hata kama gurudumu la kushoto lingekuwa hewani kabisa, lile la kulia lingefanya kazi yake yote.

Hakuna difu nyingine ishindayo hii kwa kujikwamua. Lakini ni lazima itumiwe kwa akili, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Funga kufuli kabla ya kuingia matopeni, gari likiwa limesimama au likienda pole pole sana. Usiifunge kamwe wakati gurudumu linazunguka mbio, kwa maana meno yatagongana na kuvunjika. Tumia giya ndogo ya 4x4. Katika baadhi ya magari kufuli haikubali kufunga mpaka giya hiyo iingizwe. Wakati kufuli imefungwa, gari litataka kwenda moja kwa moja na usukani utakuwa mzito, kwa hiyo usijaribu kona kali. Ukitoka matopeni, ifungue papo hapo. Wakati mwingine haifunguki mara moja kwa sababu meno yamebanana. Hapo rudi nyuma kidogo, au cheza usukani kidogo kushoto na kulia huku ukienda pole pole, mpaka taa ya kwenye dashibodi izimike. Usiondoke na kwenda barabara kuu taa hiyo ikiwa bado inawaka.

Baadhi ya pikapu za Toyota Hilux na Land Cruiser hutoka kiwandani zikiwa na kufuli ya nyuma, na baadhi ya Land Cruiser zina ya mbele pia. Kwa kazi ya shamba, ya nyuma yatosha. Ukifunga ya mbele gari halikubali kupinda, na viungo vya magurudumu ya mbele vyaweza kuvunjika ukilazimisha. Hatuoni sababu ya mkulima kutoa pesa zake kununua kufuli ya mbele.

Kuna pia difu za kufuli zinazojifunga na kujifungua zenyewe bila swichi. Zina nguvu, lakini hupiga kelele na kushtua gari katika kona, na dereva asiyezizoea hudhani ekseli imevunjika. Kwa gari la maziwa na la kupeleka watoto shule, hatuzipendekezi.

DIFU YA KUBANA

Difu ya kubana haifungi kabisa. Kazi yake ni kupunguza tofauti baina ya magurudumu mawili, yaani moja likitaka kukimbia peke yake, difu yalibana na kumpa mwenzake sehemu ya nguvu. Ziko za namna mbili ambazo utazikuta. Ya kwanza ina sahani nyembamba za klachi zinazokandamizwa na springi ndani ya difu. Difu za kubana zilianza katika magari ya mashindano ya Ujerumani katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1956 kampuni ya Packard ya Marekani ikaanza kuziuza katika magari ya watu wa kawaida. Ya pili haina sahani. Ina meno yaliyokatwa kwa mshazari ambayo hukwamana yenyewe nguvu inapozidi upande mmoja. Hiyo ilibuniwa na Mmarekani Vernon Gleasman, aliyepata hati yake mwaka wa 1958, nayo hujulikana kwa jina la Torsen.

Jambo la kuelewa ni hili: difu ya kubana huzidisha. Ikiwa ni ya kuzidisha mara mbili na nusu, basi lile gurudumu linaloteleza likipokea kilo 50, mwenzake hupewa 125. Katika hesabu yetu, 50 na 125 ni 175, na 100 za mbele, jumla 275. Mlima wahitaji 300. Gari limekaribia sana, lakini kukaribia si kufika, na bado hatujahesabu matope. Kwenye mlima mdogo kuliko huo, au utelezi ukipungua kidogo, lingepita bila wewe kugusa kitu chochote. Huo ndio uzuri wake: hufanya kazi yenyewe, saa zote, na dereva hana la kukumbuka.

Na ubaya wake ni upi? Ukizidisha sifuri mara mbili na nusu wapata sifuri. Gurudumu likiwa hewani halipokei nguvu yoyote, kwa hiyo na mwenzake hapewi kitu. Ile ya sahani ina nafuu kidogo kwa sababu springi zake hubana wakati wote, lakini nguvu hiyo ni ndogo na haitoshi kutoa gari lenye mzigo shimoni. Kuna hila moja ya kuisaidia. Ukivuta breki ya mkono kidogo huku ukikanyaga mafuta pole pole, breki hulizuia gurudumu linalozunguka bure, difu ikadhani kuna uzito, na mwenzake akapata nguvu. Hila hii haifai katika Land Rover za zamani wala Defender za zamani, kwa sababu breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu, yashika shafti iliyo nyuma ya giyaboksi. Humo tumia breki ya mguu, kwa wepesi.

Jambo jingine ni kwamba sahani za klachi huisha. Baada ya miaka mingi ya kazi difu ya kubana huwa difu ya kawaida bila kutoa taarifa. Tena yahitaji mafuta yake maalumu, yenye dawa ya kuzuia sahani kukwaruzana. Ukitia mafuta ya giya ya kawaida itatetemeka na kunguruma katika kona. Difu ya kufuli na ile ya meno ya mshazari hutumia mafuta ambayo kitabu cha gari kimetaja.

BARABARA INAYOINAMA UPANDE

Mpaka hapa waweza kufikiri ya kwamba jambo lote ni nani mwenye nguvu zaidi. Sivyo. Tangu skimu ya Ekari Milioni ilipoanza mwaka wa 1962, viazi, kabichi na maziwa ya Kinangop na Ol Kalou hupita barabara za udongo kabla ya kufika lami, na barabara hizo zimeinuliwa katikati na kuinama pande zote mbili kuelekea mitaroni ili maji yatoke. Wakati wa mvua mwinamo huo ndio hatari kubwa kuliko shimo lenyewe. Shimoni utapoteza saa mbili. Mtaroni gari laweza kulala ubavu na watu ndani.

Sikiliza kwa nini. Gurudumu ambalo halitelezi hushika ardhi mbele, nyuma na pande zote. Likianza tu kuzunguka bure, limepoteza mshiko wake wote, hata ule wa upande. Kwa difu ya kawaida, gurudumu moja huzunguka bure na mwenzake husimama tuli. Huyo aliyesimama ndiye nanga, anazuia mkia wa gari usiende mtaroni. Umekwama, lakini uko barabarani. Kwa difu ya kubana, ukikanyaga mafuta kwa nguvu magurudumu yote mawili ya nyuma huanza kuteleza pamoja. Sasa hakuna nanga. Mkia wa gari hufuata mwinamo, pole pole, mpaka mtaroni. Na kufuli ikiwa imefungwa, ni hivyo hivyo au zaidi.

Tofauti ni kwamba kufuli ni yako kuifunga au kuiacha. Penye mwinamo mbaya waiacha wazi, na penye shimo waifunga. Difu ya kubana haikuulizi. Kwa hiyo mwenye difu ya kubana afikapo mahali panapoinama na utelezi, yafaa apunguze mafuta mara tu anapohisi mkia ukianza kusogea, anyooshe usukani, na asithubutu kukanyaga zaidi kwa kutumaini ya kwamba gari litajivuta. Vivyo hivyo pikapu tupu, isiyo na mzigo nyuma, katika kona ya murram iliyolowa: ukikanyaga mafuta katikati ya kona mkia waweza kukuzunguka.

NANI ANAENDESHA?

Hili watu husahau, na kwa maoni yetu lina uzito sawa na barabara. Kama gari ni lako, waliendesha wewe au mwanao aliyekwisha kufundishwa, difu ya kufuli ndiyo ya kununua. Utaizoea kwa siku chache.

Lakini gari la chama ni jambo jingine. Leo lina dereva huyu, kesho lina yule, na kesho kutwa limechukuliwa na mtu aliyeambiwa tu apeleke mikebe haraka. Dereva mmoja akisahau kufuli ikiwa imefungwa na kupanda nayo lami, usukani utakuwa mzito, tairi zitalika, na katika kona gari litataka kwenda moja kwa moja mahali ambapo barabara imepinda. Likiwa na mzigo, shafti ya gurudumu yaweza kukatika. Chama kisichoweza kuwa na dereva mmoja au wawili waliofundishwa, na ambacho barabara yake si mbaya sana, afadhali kinunue difu ya kubana, au kibaki na difu ya kawaida na kutumia pesa kwa tairi nzuri na minyororo. Tunajua ya kwamba wengine watapinga shauri hili, kwa sababu barabara ya chama mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote. Kama ni hivyo, fundisheni dereva kwanza, halafu nunueni kufuli.

KABLA YA KUTOA PESA

Chunguza kama gari lako halina tayari. Tafuta swichi yenye picha ya ekseli na alama ya msalaba, au soma kitabu cha gari. Magari ya karibuni mengi yana kompyuta ambayo hukanyaga breki ya gurudumu linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Hii husaidia, na kwa barabara ya kawaida yaweza kutosha, ila katika matope marefu breki hupata moto na kulika. Kama una Land Rover Defender ya zamani, jua ya kwamba ina difu ya tatu katikati, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nayo ina kufuli yake kwenye mkono wa giya ndogo. Wako watu walioendesha gari hilo miaka kadhaa bila kuifunga hata mara moja. Anza na hiyo, haina gharama.

Ukinunua gari lililotumika, ambalo mwenyewe asema lina difu ya kubana, lipime. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma na kuyaweka juu ya vigogo imara, usitegemee jeki. Injini iwe imezimwa, giya iwe huru, 4x4 iwe imetolewa, na breki ya mkono iachiliwe. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Mwenzake akizunguka upande uleule, difu yabana. Akizunguka kinyume, ni difu ya kawaida, au ni ya kubana ambayo sahani zake zimekwisha, na bei ishuke. Kipimo hiki ni cha difu ya sahani; ile ya meno yaweza kuonekana kama ya kawaida ingawa ni nzima.

Na hapa tunataka usome mara mbili. USIWASHE INJINI NA KUTIA GIYA HATA KIDOGO wakati gurudumu moja la nyuma limeinuliwa na jingine limekanyaga chini, kama gari lina difu ya kubana au kufuli iliyofungwa. Katika difu ya kawaida gurudumu la juu lingezunguka tu. Katika hizi mbili, lile la chini litasukuma, na gari litaruka kutoka kwenye jeki na kumponda aliye mbele au chini yake. Mwambie hivyo na fundi anayekutengenezea gari barabarani, maana huenda hajui gari lako lina difu gani.

Jambo la mwisho la kununua ni hesabu ya meno. Watu wengi hununua difu nzima kutoka kwa gari lililovunjwa, na ni njia nzuri ya kupunguza gharama. Lakini difu ya nyuma na ya mbele ni lazima ziwe na hesabu moja. Kama gurudumu kubwa la meno lina meno 41 na pinioni ina 10, hesabu ni 4.1. Ukiweka nyuma difu ya 4.1 na mbele kuna ya 4.3, gari litakwenda vizuri ukitumia ekseli ya nyuma peke yake, nawe utamsifu fundi. Siku utakapoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu, ekseli mbili zitashindana na giyaboksi ndogo itavunjika. Mwambie fundi ahesabu meno ya zote mbili mbele ya macho yako.

SHAURI LETU

Kama barabara yako ina mashimo marefu, vivuko vya mto na mitaro ya kuvuka kwa mshazari, na mwendesha gari ni mmoja anayejua kazi yake, nunua difu ya kufuli ya nyuma. Kama sehemu kubwa ya safari yako ni murram na lami, utelezi ni wa hapa na pale, na gari huendeshwa na watu mbalimbali, difu ya kubana yatosha. Inunue mpya au iliyopimwa. Kama mwaka mzima unakwama mahali pamoja tu, usinunue difu. Nunueni changarawe, wewe na majirani wa barabara hiyo, na mchimbe mtaro wa kuondoa maji hapo kabla ya mwezi wa tatu.

Tena hakuna difu itakayosaidia tairi zilizokwisha meno. Mwenye pesa za kitu kimoja tu, na tairi zake ni laini kama kiganja, anunue tairi za matope, na minyororo ya magurudumu ya nyuma. Minyororo hukaa chini ya kiti, haihitaji fundi, na katika udongo mweusi unaonata hutoa magari mengi ambayo difu peke yake ingeyashindwa. Punguza pia mzigo: safari mbili za mikebe kumi huenda zikafika kabla ya safari moja ya mikebe ishirini.

Aliyekwisha kutia kufuli asingoje siku ya mvua ndipo aijaribu. Chagua siku kavu, uende kwenye kona ya shamba lisilolimwa, uchimbe shimo la kina cha jembe moja na nusu, na uliweke gurudumu moja la nyuma humo. Jaribu kutoka kufuli ikiwa wazi. Kisha simama, ingiza giya ndogo, funga kufuli, ungoje taa iwake na isipepese, halafu toka pole pole bila kupinda usukani. Ukishatoka, fungua, rudi nyuma hatua mbili, na utazame taa izimike. Mwite kila mtu wa nyumbani anayeendesha gari hilo afanye vivyo hivyo mara tatu.